Je, jeni niliyoipata kwenye maharage inaweza kuthibitishwa ndani ya Medicago truncatula?

Mche_Mchanga

Wataalamu wa jenetiki ya mimea, nawasalimu. Ninasoma shahada ya uzamili, na utafiti wangu unahusu idadi ya vinundu ambavyo maharage ya kawaida, Phaseolus vulgaris, hujenga kwenye mizizi yanapokutana na rizobia, bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani kwa ajili ya mmea. Nilichukua vizazi vilivyotokana na wazazi wawili, mmoja mwenye vinundu vingi na mwingine mwenye vichache, nikaendelea kubana eneo la kromosomu linalohusika mpaka zikabaki jeni chache. Mojawapo inanivutia zaidi ya nyingine kwa sababu inatengeneza kipokezi cha aina ya kinasi, yaani protini inayokaa kwenye utando wa seli na kupitisha ishara kutoka nje kwenda ndani. Jeni ya NARK, ambayo inajulikana kwa muda mrefu kuwa inadhibiti idadi ya vinundu kwenye soya, haimo katika eneo hilo, kwa hiyo siwezi kusema nimeigundua upya ile ile.

Ninapokwama ni kwenye uthibitisho. Msimamizi wangu anasema kuyaingizia maharage jeni mpya na kupata mmea mzima unaorithisha ni kazi inayoweza kumaliza muda wote wa masomo bila tokeo, hivyo nitumie Medicago truncatula, mkunde mdogo ambao watafiti huutumia kama kielelezo, yaani mmea wa mfano wa kuielewa mingine: niagize mbegu zenye mutesheni katika jeni inayolingana na yangu, nihesabu vinundu, niandike tasnifu. Sina shaka na ubora wa mmea huo kwa kazi za maabara. Ninachouliza ni kama jibu nitakalolipata humo litakuwa jibu kuhusu maharage, ilhali kinundu cha Medicago hakifanani na cha maharage hata kwa umbo. Je, Lotus japonicus, ambayo nayo ni kielelezo, haingefaa zaidi? Aidha, nilipotafuta jeni inayolingana na yangu katika jenomu ya Medicago nilikuta mbili zilizopakana, zote zikifanana na ya maharage kwa kiwango karibu sawa, na sijui niishike ipi. Muda niliobakiwa nao ni chini ya miaka miwili.

Mizizi_na_Mikunde

Umeuliza kwa mpangilio unaofaa, kwa kuwa wengi wetu huchagua mmea kwanza na kuutafutia swali baadaye. Nitaanza na sababu zilizoufanya Medicago uchaguliwe, maana ndani ya sababu hizo ndimo mipaka yake inamoonekana.

Arabidopsis thaliana, ambayo jenomu yake ilichapishwa mwaka 2000 na ambayo imebeba sehemu kubwa ya jenetiki ya mimea, haijengi vinundu wala haishirikiani na mikoriza, kuvu wanaoishi na mizizi na kuusaidia mmea kupata virutubisho. Kwa hiyo ushirikiano huo wa aina mbili haukuweza kuchunguzwa ndani yake hata kidogo. Alfalfa, Medicago sativa, ilikuwa na historia ndefu ya utafiti wa vinundu, lakini ina seti nne za kromosomu na huchavushwa kwa chavua ya mmea mwingine, na kuisaka mutesheni iliyofichika katika mmea wa namna hiyo ni kujitafutia mateso. Jamaa yake wa ukanda wa Mediterania, M. truncatula, ana seti mbili tu, yaani kromosomu 16 kwa jumla. Hujichavusha mwenyewe, hutoa mbegu ndani ya miezi mitatu au minne, na jenomu yake ni ya takriban jozi besi milioni 500. Ulipendekezwa kuwa kielelezo mwaka 1990. Lotus japonicus, yenye kromosomu 12 na jenomu ya ukubwa unaokaribiana na huo, ilipendekezwa mwaka 1992 kwa hoja za aina hiyo hiyo. Rasimu ya jenomu ya Lotus ilichapishwa mwaka 2008 na ya Medicago mwaka 2011.

Kielelezo cha nini, basi? Hatua za mwanzo za ushirikiano kati ya mmea na bakteria zinafanana mno katika mikunde iliyochunguzwa kwa kina. Bakteria hutoa molekuli za ishara zinazoitwa molekuli za Nod. Vipokezi vilivyo kwenye vinyweleo vya mizizi huzitambua. Kiwango cha kalsiamu ndani na kandokando ya kiini cha seli huanza kupanda na kushuka kwa mpigo. Kisha kinasi maalumu inayousoma mpigo huo huamsha jeni za ujenzi wa kinundu. Jeni ya NIN ilitambuliwa kwenye Lotus mwaka 1999, vipokezi vya molekuli za Nod vikaelezwa kwenye Lotus mwaka 2003, na ile kinasi inayosoma kalsiamu, DMI3, ikapatikana kwenye Medicago mwaka 2004. Njia hiyo hiyo imekutwa kwenye soya, njegere na maharage. Kuna jaribio moja ambalo kila ninapolikumbuka hunishangaza upya: watafiti walichukua jeni ya mpunga inayolingana na DMI3, wakaiweka kwenye mizizi ya Medicago iliyokosa DMI3, na mizizi ikajenga vinundu, ingawa mpunga wenyewe haujengi kinundu hata kimoja. Maelezo yake ni kwamba mpunga huitumia jeni hiyo kushirikiana na kuvu wa mikoriza, na mikunde iliazima mtambo uliokuwepo zamani kuliko vinundu.

Kadiri unavyosogea kutoka kwenye uso wa mzizi kuingia ndani ya kinundu, kufanana huko hupungua. Kinundu cha Medicago ni kirefu na kina ncha inayoendelea kukua. Cha maharage ni cha mviringo na seli zake huacha kugawanyika mapema. Ndani ya kinundu cha Medicago mmea huwamwagia bakteria peptidi, yaani protini fupi, zenye sisteini nyingi, zinazotokana na jeni zaidi ya 600, na peptidi hizo huwafanya bakteria wavimbe na kupoteza kabisa uwezo wa kuzaliana. Maharage hayana utaratibu huo. Kuna tofauti pia katika namna naitrojeni inavyosafirishwa kwenda juu: maharage na soya huipeleka zaidi katika umbo la alantoini na asidi ya alantoiki, wakati Medicago hutegemea asparajini na glutamini. Kama jeni yako ingekuwa inahusu jinsi bakteria wanavyoishi ndani ya kinundu, au jinsi naitrojeni inavyotoka humo, ningekuambia uachane na Medicago leo hii.

Kuhusu Lotus, ni kweli kinundu chake ni cha mviringo kama cha maharage, na umbo hilo limewafanya watu wengi waamini kwamba mimea hiyo miwili ni ya tawi moja. Sivyo. Kwa nasaba, Lotus imekaribiana na Medicago kuliko inavyokaribiana na maharage. Tawi lenye Medicago, njegere na Lotus lilitengana na tawi lenye maharage, kunde na soya zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita. Hata katika usafirishaji wa naitrojeni, Lotus inafuata njia ya asparajini. Kufanana kwa umbo la kinundu kusichukuliwe kuwa ushahidi wa kufanana kwa kila kitu.

Habari njema ni kwamba sifa unayoichunguza, yaani idadi ya vinundu, ni miongoni mwa zile zinazovuka mipaka hiyo vizuri. HAR1 ya Lotus iliyoelezwa mwaka 2002, NARK ya soya mwaka 2003 na SUNN ya Medicago mwaka 2005 ni jeni moja katika mimea mitatu tofauti, na zote zikiharibika mmea hujenga vinundu kupita kiasi. Kwa swali la namna yako, kielelezo kina haki ya kusikilizwa.

Sasa zile jeni mbili zilizopakana. Usichague kwa kuangalia asilimia ya kufanana peke yake. Fungua ramani za jenomu mbili pamoja na uwaangalie majirani: kama jeni zinazoizunguka ya maharage zinapatikana kwa mpangilio unaokaribiana kandokando ya zile mbili za Medicago, basi una eneo moja la kale lililorithiwa na pande zote mbili, na zile jeni mbili ni nakala zilizojirudia papo hapo upande wa Medicago baada ya matawi kutengana. Jenomu ya Medicago ina tabia hiyo ya kurudufisha jeni mahali pamoja. Ikiwa ndivyo, hakuna kati yao iliyo sahihi kuliko mwenzake. Zote mbili zinalingana na jeni yako, na huenda zimegawana kazi au moja inafunika pengo la nyingine. Ukiharibu moja na usione badiliko lolote, hutakuwa umethibitisha wala kukanusha chochote.

Chavua_Njano

Nimemsoma Mizizi na sina la kupinga katika biolojia yake, ila nauliza kwa nini mnaharakisha kuyaacha maharage. Kupata mmea mzima wa maharage uliobadilishwa jeni ni kazi ngumu, hilo halina ubishi. Lakini utaratibu wa kutumia Agrobacterium rhizogenes, bakteria anayepachika DNA kwenye seli za mmea, kutengeneza mizizi iliyobadilishwa kwenye mche wa maharage umechapishwa tangu mwaka 2007 na unafanya kazi. Unajeruhi shina la mche mchanga, unaweka bakteria penye jeraha, na baada ya wiki chache inaota mizizi mipya inayobeba ulichokiingiza, iwe ni kipande cha RNA cha kuinyamazisha jeni au vifaa vya CRISPR vya kuikata. Unakata mizizi ya zamani, unaweka rizobia wa maharage wenyewe, kwa mfano Rhizobium tropici CIAT 899 au Rhizobium etli CFN42, na unahesabu. Swali la maharage linajibiwa na maharage, bila kuvuka miaka milioni 50 ya mageuko. Mizizi hiyo hairithishi kitu kwa mbegu, lakini Mche hahitaji kurithisha, anahitaji kuona.

Mche_Mchanga

Nawashukuru nyote wawili. Nimewaangalia majirani kama Mizizi alivyoelekeza, na eneo lote linalingana: jeni tano za upande mmoja na nne za upande mwingine zimo kwenye Medicago kwa mpangilio ule ule, isipokuwa kipande kimoja kilichogeuzwa. Kwa hiyo zile mbili ni nakala za papo hapo. Nilipofanya hivyo kwa Lotus nilikuta eneo hilo hilo likiwa na jeni moja tu.

Ushauri wa Chavua ulinivutia sana, na nilikuwa tayari kuanza kuandaa vipande vya DNA. Kabla ya hapo niliangalia data za wazi zinazoonyesha jeni ipi inasomwa katika kiungo kipi cha maharage, na jeni yangu husomwa kwa wingi kwenye majani na shina, kidogo sana kwenye mizizi, na ndani ya vinundu karibu haipo. Je, hilo linaiondoa kwenye orodha? Jeni isiyosomwa kwenye mizizi itadhibiti vipi vinundu?

Mizizi_na_Mikunde

Haiiondoi, kwa maoni yangu inaipandisha daraja. Kumbuka kwamba mmea hulipa gharama kubwa ya sukari kwa kila kinundu, kwa hiyo ni lazima kuwe na njia ya kusema imetosha. Vinundu vya kwanza vinapoanza, mzizi hutengeneza peptidi fupi za kundi la CLE, ambazo husafiri kwenda juu kupitia mishipa ya maji. Huko kwenye majani hukutana na kipokezi, kile kinachoitwa HAR1 au SUNN au NARK kutegemea mmea, na baada ya hapo hali ya ishara zinazoshuka kwenda mizizini hubadilika. Mojawapo ya ishara hizo ni RNA fupi iitwayo miR2111, ambayo inatengenezwa kwenye majani, inashuka mizizini na kuuacha mzizi wazi kwa vinundu. Kipokezi kikiamshwa, RNA hiyo hupungua. Jambo hilo lilielezwa kwenye Lotus mwaka 2018. Uthibitisho wa kwamba kazi hufanyika juu ulipatikana kwa kubebesha: ukiweka sehemu ya juu ya mmea wenye mutesheni ya har1 juu ya mizizi ya mmea wa kawaida, mizizi hiyo hujaza vinundu kupita kiasi, na ukifanya kinyume chake idadi hubaki ya kawaida.

Utaona basi kwamba kipokezi cha aina ya kinasi kinachosomwa kwenye majani na kinachohusiana na idadi ya vinundu hakina ajabu yoyote. Ila hapa ndipo ushauri wa Chavua unapogonga mwamba. Mmea uliotengenezwa kwa A. rhizogenes una mizizi iliyobadilishwa chini ya shina na majani ya kawaida kabisa. Ikiwa jeni yako hufanya kazi juu, utaikata mizizini kwa ustadi wote, utahesabu vinundu, na hesabu itakuwa sawa na ya mimea ya kulinganishia, si kwa sababu jeni haina kazi bali kwa sababu umeikata mahali isipofanyia kazi. Nadhani matokeo kadhaa ya "hakuna tofauti" yaliyosahaulika kwenye makabati ya maabara ni ya namna hii.

Unahitaji mmea mzima uliokosa jeni, kuanzia ncha ya jani hadi ncha ya mzizi, na hapo ndipo vielelezo vinapolipa. Kwenye Medicago kuna mkusanyiko wa koo (kila ukoo ni familia ya mbegu za asili moja) zaidi ya 20,000 zilizotengenezwa kwa Tnt1, kipande cha DNA cha tumbaku kinachojinakili na kujipachika penginepo wakati wa ukuzaji wa tishu, kisha kikatulia. Kwa Lotus kuna koo zaidi ya 100,000 zilizotokana na LORE1, kipande cha Lotus yenyewe ambacho hujinakili katika seli zinazotoa chavua, hivyo kuzalisha koo mpya ni suala la kupanda na kuvuna mbegu. Ukoo mmoja wa Tnt1 huwa na vipachiko makumi kadhaa, wa LORE1 huwa na vichache tu. Tofauti hiyo ina uzito kwako, kwa kuwa kila kipachiko cha ziada kinaweza kuharibu jeni nyingine na kukudanganya.

Kwa hali yako mahususi nakushauri Lotus, na sababu yake haina uhusiano wowote na umbo la kinundu. Sababu ni zile nakala mbili. Kwenye Medicago ungehitaji mmea uliopoteza zote mbili, na kwa kuwa zimepakana kwenye kromosomu moja, huwezi kuzikutanisha mutesheni mbili kwa kuchavusha koo mbili tofauti na kutumaini bahati. Ubadilishanaji wa vipande vya kromosomu kati ya jeni zilizokaribiana hivyo ni nadra mno. Ingebidi utumie CRISPR kuzikata zote kwa pamoja, kisha ukuze mmea kutoka kwenye tishu za jani, shughuli inayochukua miezi mingi. Kwenye Lotus jeni ni moja, na huenda mbegu zenye kipachiko ndani yake zimeshavunwa na kuhifadhiwa.

Mtunza_Mbegu

Naomba niongeze mambo ya mikononi, kwa sababu mijadala hii huishia kwenye jenomu na mwanafunzi anabaki na pakiti ya mbegu asizojua kuziotesha.

Mbegu za Lotus na za Medicago zote zina ganda gumu lisilopitisha maji. Ukizimwagia maji tu, chache zitaota leo na nyingine mwezi ujao, na jaribio lako litakuwa limeharibika kabla halijaanza kwa kuwa umri wa mimea hautalingana. Zisugue kwa msasa laini mpaka ganda lipoteze mng'ao, au ziweke kwenye asidi ya salfuriki kali kwa dakika chache chini ya uangalizi wa mtu anayeijua asidi hiyo, kisha uzisafishe kwa maji mengi baridi. Za Medicago zinafaidika pia na siku chache za baridi ya nyuzi 4 ili zichipue kwa pamoja. Na ukitaka zitoe maua mapema, baridi hiyo irefushwe kwa miche iliyokwisha kuchipua.

Mbegu za LORE1 unazopokea haziwi zote za hali moja. Baadhi ya miche itakuwa na kipachiko kwenye nakala zote mbili za jeni, baadhi kwenye nakala moja, na baadhi haitakuwa nacho kabisa. Toa DNA kwenye kipande kidogo cha jani la kila mche na ufanye PCR mbili, yaani unakili wa kipande cha DNA, moja kwa vianzishi (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili) vinavyozunguka eneo la kipachiko na nyingine kwa kianzishi kimoja cha jeni pamoja na kimoja cha LORE1. Miche isiyo na kipachiko usiitupe! Hiyo ndiyo mimea yako bora ya kulinganishia, kwa kuwa ni ndugu wa damu wa zile zenye kipachiko na inabeba sehemu kubwa ya historia ile ile. Kulinganisha na mbegu za Gifu, aina ya Lotus ambamo koo za LORE1 zilitengenezwa, zilizotoka kwenye pakiti nyingine si sawa na hivyo. Na tafuta angalau koo mbili zenye vipachiko katika sehemu tofauti za jeni hiyo hiyo. Tabia ikionekana kwenye ukoo mmoja tu, shuku kipachiko kingine kabla hujaisifu jeni yako.

Kwenye ukuaji, adui mkubwa ni naitrojeni iliyojificha. Mchanga usiosafishwa, maji ya bomba, hata mbolea iliyobaki kwenye trei, vyote vinaweza kuleta naitreti ya kutosha kuuzuia mmea usijenge vinundu. Tumia vemikulaiti au perlaiti iliyosafishwa na maji yenye virutubisho vyote isipokuwa naitrojeni. Panda kundi moja bila rizobia: likiwa la kijani na lenye afya baada ya wiki tatu, ujue naitrojeni inaingia kutoka mahali usipopajua. Panda jingine bila rizobia lakini lenye naitreti: mimea yako yenye mutesheni ikidumaa hata humo, tatizo lake si la vinundu peke yake, na jeni yenye kazi nyingi mwilini itakulazimu kusoma hesabu zako kwa tahadhari. Hesabu vinundu kwa nyakati mbili, kwa mfano siku ya 14 na ya 21, na utenganishe vyekundu na vyeupe. Wekundu unatokana na leghemoglobini, protini inayoshika oksijeni ili isiharibu kimeng'enya cha naitrojinasi. Kinundu cheupe kwa kawaida kimejengwa lakini hakinasi naitrojeni. Kwa Lotus utahitaji Mesorhizobium loti, maana rizobia wa maharage hawatakufaa humo.

Ukiamua kubaki na Medicago licha ya yote, zingatia tahadhari moja. Koo za Tnt1 zimetengenezwa kwenye aina ya R108, ilhali jenomu rejea iliyozoeleka ni ya A17. Usizichavushe koo hizo na A17 kwa nia ya kuondoa vipachiko vya ziada. A17 ina vipande vya kromosomu ya 4 na ya 8 vilivyobadilishana mahali, na watoto wa mchanganyiko huo hutoa chavua ambayo karibu nusu yake haifai. Zirudishe kwa R108 yenyewe. Mche wa kwanza wa R108 utakapoanza kukomaa, uvishe mfuko wa wavu, vinginevyo utaokota maganda yenye miiba sakafuni bila kujua yametoka mmea upi. Lotus nayo hupasua maganda yake na kurusha mbegu, kwa hiyo mfuko ni huo huo.

Chavua_Njano

Nakubali hoja ya majani; mizizi iliyobadilishwa haitamsaidia hapa. Lakini bado siachi maharage, na njia iliyobaki haihitaji kuingiza jeni yoyote. Mche tayari ana wazazi wawili wanaotofautiana kwa idadi ya vinundu. Abebeshe miche yao: sehemu ya juu ya mwenye vinundu vingi juu ya mizizi ya mwenye vichache, kisha kinyume chake, pamoja na kila mzazi kubebeshwa juu ya mizizi ya aina yake mwenyewe ili athari ya jeraha iwe sawa kwa wote. Mashina ya miche ya maharage ni manene na kazi hii inafanyika kwa wembe na kishikizo kidogo. Idadi ikifuata sehemu ya juu, ana ushahidi kutoka kwenye maharage yenyewe kwamba tofauti ya wazazi wake inaamuliwa na majani. Ikifuata mizizi, jeni yake inayosomwa majani inapoteza nguvu, na ni afadhali ajue hivyo kabla ya kuagiza mbegu za Lotus.

Angalizo moja la kiufundi: wazazi hao wanatofautiana kwa mengi, kwa hiyo akiwa na koo zinazofanana karibu kila mahali isipokuwa eneo lile alilolibana, azitumie hizo badala ya wazazi.

Mche_Mchanga

Koo za namna hiyo ninazo, kwa kuwa ndizo nilizotumia kubana eneo katika hatua ya mwisho. Sikufikiria kuzibebesha. Nitaanza na kubebesha maharage wakati ombi la mbegu za LORE1 likishughulikiwa. Swali langu la mwisho: mmea wa Lotus uliokosa jeni ukionyesha vinundu vingi au vichache kuliko kawaida, je, inatosha kuandika kwamba jeni ya maharage hufanya kazi hiyo?

Mizizi_na_Mikunde

Itatosha kuandika kwamba jeni ya Lotus hufanya kazi hiyo. Ili uiseme ya maharage, irudishie Lotus iliyokosa jeni nakala ya jeni kutoka kwa kila mzazi wako, ikiongozwa na kianzilishi (kipande cha DNA kinachoamua wapi na kiasi gani jeni isomwe) cha jeni ya Lotus yenyewe, na safari hii iwe mmea mzima uliokuzwa kwa Agrobacterium tumefaciens, kwa sababu ile ile ya majani. Nakala ya mzazi mmoja ikirejesha idadi ya kawaida na ya mwingine ikashindwa, utakuwa umeonyesha kwamba tofauti iko ndani ya protini. Zote mbili zikirejesha kwa usawa, usikate tamaa: huenda protini ni nzima kwa wazazi wote na tofauti yao iko kwenye kiasi cha usomaji wa jeni, jambo ambalo utalipima kwa kulinganisha RNA ya majani ya koo zako mbili za maharage. Kipimo hicho ni cha siku chache, kwa hiyo kifanye sasa, kabla ya kukata mche wa kwanza.